Mashine ya Shemasi

"Leteni tairi!"

Tairi lilikuwa lishaletwa. Inspekta Nzilani aliliona likipita juu ya vichwa vya watu, linapokezwa mkono kwa mkono kama sufuria ya matanga, akajua kwamba akichelewa kidogo tu atakuta majivu. Gari alikuwa ameliacha kule juu, upande wa Olympic, maana vichochoro vya Kianda, hapa Kibera, mvua ikinyesha havipitishi hata mkokoteni. Mvua ilikuwa imekatika, na sasa alikuwa anakimbia kwenye tope, na konstebo wake Lusweti alikuwa nyuma anahema na kutukana mvua, mtaa na siku aliyoandikishwa polisi.

"Ameua fundi! Mchome!"

Katikati ya duara alikuwa amelala Elvis Wekulo, fundi wa simu. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, sikio limepasuka, na mama mmoja alikuwa anampiga mgongoni kwa ubao wenye msumari, taratibu, bila haraka, mtu angedhani anatwanga. Karibu na kichwa chake alipiga magoti mwanamume wa shati jeupe. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwa Elvis, unanong'ona. Umati ukisogea, aliinua mkono.

"Ngojeni! Mpeni nafasi atubu kwanza!"

Wakangoja, kwa sababu ni shemasi. Kisha wakampiga tena, na yule wa shati jeupe akainama tena sikioni. Mtu mwingine alikuwa ameshafungua kifuniko cha chupa ya petroli.

Nzilani akapiga risasi hewani.

Duara lilivunjika. Ujasiri wa kuua mkiwa mia haupo tena bunduki ikiwaangalia mmoja mmoja. Watu waliokuwa simba sasa hivi walianza kupanguza tope kwenye viatu. Lusweti alilitupa tairi kwenye mtaro, akampokonya yule mama ubao.

"Nani amemwona akiua?" Nzilani aliuliza.

"Alishikwa na nyundo, madam," mama akasema. "Nyundo iko na damu. Unataka nini ingine?"

"Nimeuliza nani amemwona akiua. Sijauliza ameshikwa na nini."

Mama aliangalia ubao wake mikononi mwa Lusweti. Mwanamume wa shati jeupe alisimama, magoti yamejaa tope, akajitambulisha: Shemasi Maurice Ogola, mwenye cyber, duka la kompyuta na mtandao, hapo mbele. "Nimejaribu kuwazuia, madam. Hawa watu wakianza hawaskii. Nikasema angalau nimwombee."

Nzilani akampa mkono, akamshukuru, tena kwa moyo wake wote. Katika umati ule wote ni mtu mmoja tu aliyekuwa amepiga magoti.

Elvis alipobebwa kwenda kwenye gari, mdomo wake ulitoa damu kwanza, kisha maneno. "Nimempata hivyo, madam. Nimetoka kula, nimempata hivyo."

"Nyundo je?"

"Ilikuwa imelala kwa mlango. Nikaiokota. Ni yetu." Akazirai.

Kibanda cha mafundi kilikuwa cha mabati, kina meza moja ndefu. Upande wa kushoto Elvis alikuwa anafungua simu, upande wa kulia mwenzake Oluoch alikuwa anatengeneza kompyuta. Wote wawili walikuwa wanakunywa chai ya flaski moja na kusutana kuhusu mpira. Sasa Oluoch alikuwa ameangukia upande wake wa meza, mikono imening'inia, na nyuma ya kichwa chake hapakuwa na umbo tena. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye mabati ya ukuta na kwenye picha ya binti yake wa chekechea. Lusweti alitoka nje mara moja, akarudi anajipangusa mdomo.

"Pole," Nzilani akamwambia. "Sasa niambie unaona nini."

"Naona mtu amepigwa kama nyoka, madam."

"Alikuwa amekaa ama amesimama?"

Lusweti aliangalia kiti, akaangalia damu ya ukutani, ambayo haikupanda juu. "Amekaa. Hata hakugeuka."

"Basi aliyempiga hakuwa mtu wa kuogopwa. Na vikombe?"

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kimenywewa nusu. Cha pili kilikuwa kimejaa, kimefanya utando juu, na mandazi mawili yamelala kando bila kuguswa. Kikombe cha Elvis, cha bati la kijani, kilikuwa kwenye msumari wake ukutani, kikavu. Oluoch alikuwa amemkaribisha mgeni, amempa kiti, amemmiminia chai. Mgeni hakunywa, akazunguka nyuma.

Kisha Nzilani aliona meza yenyewe. Matone ya damu yalikuwa yametapakaa kila mahali, juu ya bisibisi, juu ya nyaya, juu ya mandazi. Ila mahali pamoja, mbele kabisa ya marehemu, palikuwa pakavu. Pakavu pa mraba, kingo zimenyooka, ukubwa wa sanduku la kompyuta. Nyundo iliposhuka, mashine ilikuwa pale. Sasa haikuwepo. Na Elvis alipokamatwa hakuwa na mashine, alikuwa na nyundo.

Muuza mandazi wa kibanda cha pili aliulizwa ni kompyuta ya nani iliyokuwa inatengenezwa. Hakufikiri hata kidogo.

"Si ni ya Shemasi. Ile inaombanga."

"Inaomba?"

"Hiyo machine ukiiwasha, inakaa giza kwanza. Unaweza enda kununua sukuma wiki urudi. Watu wa hapa husema inafunga na kuomba kama mwenyewe." Akacheka, akakumbuka maiti iko wapi, akafunga mdomo.

"Ulisikia makelele hapa asubuhi?"

"Na hiyo mvua kwa mabati, madam? Hata ungelia mwenyewe usingejisikia."

Cyber ya Shemasi Ogola ilikuwa nyumba safi, ina zulia la plastiki na aya za Biblia zilizochapishwa kwa rangi. Mashine zilikuwa kwenye safu, na zote zilikuwa na vumbi la Kianda, lile jekundu linaloingia hadi kwenye unga. Zote ila moja. Ya pembeni ilikuwa imepanguswa ikang'aa mpaka miguuni.

"Hii ndiyo ilikuwa kwa Oluoch?" Nzilani aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Niliichukua asubuhi kabla mvua ianze, alikuwa ameshamaliza. Maskini. Tuliagana vizuri sana, akaniambia ikisumbua tena nirudishe."

"Kabla mvua ianze."

"Kabla, madam. Ningeibeba aje kwa mvua?"

"Iwashe."

Maurice aliibonyeza. Taa ikawaka, feni ikavuma, monita ikabaki nyeusi. Maandishi madogo meupe yakajitokeza pembeni, na nukta zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha mlango wa wenyewe waliohama. Walisimama pale. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja kuchapisha barua ya kazi akasema kwa sauti ya chini, "Imeanza maombi," na rafiki yake akaguna.

"Umesema Oluoch alimaliza," Nzilani akasema.

"Labda... labda imerudi tena. Hizi vitu, madam. Hata mimi niliformat, nikafuta kila kitu. Hakuna kitu iko ndani, ni empty kabisa."

Nzilani hakuwa amemuuliza kilichomo. Alimgeukia Lusweti, ambaye alikuwa na diploma ya kompyuta na aliingia polisi baada ya kuzunguka na vyeti mpaka viatu vikaisha. Lusweti alikuwa ameinama, pua karibu na kioo.

"Si diski inachelewa," akasema. "Ni kadi ya mtandao. Imeambiwa ikiamka itafute kwanza mashine kubwa, seva, iipe mzigo wa kuanzia. Inabisha hodi. Hakuna anayeitika. Ikichoka, ndio inageukia diski yake yenyewe. Na hiyo amri haikai kwa diski, madam, iko kwa ubao wa ndani. Ata-format mpaka Yesu arudi, itaendelea kubisha."

"Hapa pana seva?"

"Hapa? Hapa kuna rauta tu ya mtandao wa nyumba, hiyo hapo kwa dirisha."

"Shemasi, mashine uliinunua wapi?"

"Town. Mpya, kwa karatasi."

"Mpya inatafuta nani?"

Maurice alitabasamu, akafungua viganja. "Mimi si fundi, madam. Fundi ndiye huyo ameuawa."

Kola ya shati lake ilikuwa bado na mikunjo mikali ya pasi. Siku ya kazi, mvua, tope hadi magotini, watu wote wa Kianda wamevaa walichopata. Yeye peke yake alikuwa amevaa la Jumapili. Nywele zake zilinuka sabuni. Nzilani aliliona hilo sasa, akajilaumu kwamba hakuliona mwanzo, alipokuwa anamshika mkono na kumshukuru.

Alimpigia simu mkuu wa kituo, na mkuu akapiga kelele hadi Lusweti akasikia.

"Mtu ameshikwa na nyundo mkononi, wewe unaniletea mambo ya vikombe! Huyo Wekulo anafikishwa mahakamani kesho asubuhi. Akiwa na jicho ama hana jicho."

"Afande, mashine iliondolewa baada ya mauaji. Na ya Shemasi imepanguswa."

"Shemasi wa kanisa aue mtu kwa sababu ya kompyuta inachelewa kuwaka? Hebu jisikie, Nzilani. Niletee sababu, ama niletee faili la Wekulo."

Sababu. Hilo ndilo lililobaki, na bila hilo Elvis angetoka hospitalini akaingie gerezani, au wale wenye tairi wamngoje mlangoni akiachiliwa.

Lavender, mjane wa Oluoch, alikuwa kwa jirani, amekaa chini na kanga begani, wanawake wamemzunguka. Alimtazama Nzilani kwa macho makavu. "Mmemnyonga?"

"Nani?"

"Elvis. Nilimtemea mate nikiwa hapo, kabla wabebe mawe. Alikula kwangu huyo. Alibeba mtoto wangu."

"Mama, jana mume wako alikuambia nini kuhusu mashine ya Shemasi?"

Mwanamke mmoja akaacha kukoroga uji.

"Hakula jana," Lavender akasema. "Alisema hiyo mashine anaijua. Ati ni kazi ya mikono yake. Ati haijagonjeka, inatafuta ile kubwa ya kule ilitoka."

"Kule wapi?"

"Mahali alikuwa amefunga za aina hiyo ni pamoja tu, Kawangware, kwa chuo cha kompyuta cha Mama Wakarima. Si unajua bwanake aliuawa? Gikonyo. Wezi waliingia Jumapili watu wakiwa kanisa, wakamponda, wakabeba mashine. Oluoch alibeba jeneza la huyo mzee mpaka kaburini."

"Kwa nini hakuja polisi?"

Lavender alimwangalia kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. "Maurice ni mtu wa nyumbani. Tumetoka lokesheni moja kule mashambani. Babangu akikufa, yeye ndiye alisimamia mchango, akatafuta gari ya kupeleka maiti. Mtu kama huyo humpeleki polisi kabla hujamketisha. Unamwita, unampa chai, unamwambia nimejua, rudisha. Akikataa, unaita wazee. Akikataa wazee, sasa ndio polisi. Oluoch alisema, kesho nitamketisha."

Macho yake yakahama kutoka kwa Nzilani kwenda kwa mlango, na ikaonekana wazi kwamba maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfikia.

"Uuuwi!" akalia. "Chai ni mimi nilimfungia! Flaski ni mimi nilijaza! Maurice? Maurice wa kutuzikia watu?" Akajipiga kichwa ukutani, wanawake wakamrukia.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini Nzilani hakuwa na muda wa wahenga. Alirudi cyber.

"Shemasi, tunaomba utusaidie. Beba mashine yako, twende mahali tuitambue, tumalize hii kesi."

"Wapi?"

"Kawangware. Unapajua?"

"Huko? Sijawahi fika, madam. Mimi ni wa Kibera tu." Aliibeba mwenyewe, hata akakataa kusaidiwa. Alikuwa na uhakika. Alikuwa amefuta kila kitu.

Walishuka Gatina, ndani ya Kawangware, jua likiwa limetoka na barabara inafuka mvuke. Chuo cha Wakarima kilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la chakula cha kuku. Mashine zilizosalia zilikuwa chache, zimekaa mbalimbali kama meno ya mzee. Ukutani, kwenye kizimba cha nondo nene ambacho fundi wa kulehemu alimtengenezea Gikonyo, seva ilikuwa inavuma. Wezi walimpiga Gikonyo awape ufunguo wa kizimba hicho. Walimvunja vidole kwanza, vyote vya mkono wa kulia, kisha kichwa. Hakuwa nao. Siku ile mkewe alikuwa kanisani, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya kiatu. Mpaka leo aliuvaa hapo.

Wakarima alitoka akipangusa mikono. Alipomwona Nzilani alisimama wima. Alipomwona aliyebeba mashine, uso wake ulilegea.

"Haiya! Si ni Maurice! Karibu, karibu. Nimesikia ya Oluoch sasa hivi kwa simu. Pole sana. Mlikuwa kama kidole na pete."

Maurice aliikumbatia mashine zaidi.

"Mnajuana?" Nzilani aliuliza.

"Na si ndiye alikuja na Oluoch wakiweka hizi mashine? Alitubebea waya siku mzima, Gikonyo akampa ugali hapo hapo." Akamgeukia. "Hata kwa maziko sikukuona, nikasema labda umesafiri."

"Ulisema hujawahi fika Kawangware," Lusweti akasema.

"Ni... ni zamani. Nilisahau."

"Iweke hapo," Nzilani akaamuru.

Maurice aliiweka kwenye meza iliyokuwa tupu. Wakarima aliitazama bila kuelewa. Masanduku ya kompyuta yanafanana, na hili lilikuwa limebandikwa vibandiko vya Biblia. Lusweti aliunganisha monita, akachukua waya wa bluu uliokuwa unaning'inia ukutani tangu siku ya mauaji ya Gikonyo bila mwenyewe, akauchomeka nyuma. Ukaingia kwa mlio mdogo.

"Seva haifungulii mgeni," Lusweti akaeleza, kwa sauti ya mtu anayezungumza hospitalini. "Kila kadi ina namba yake ya kiwandani, na Oluoch aliziandikisha zote humu ndani. Kama mashine ni ya nje, itabisha mpaka ichoke, vile ilikuwa inafanya Kianda. Kama ni ya hapa..."

"Washa," Nzilani akasema.

Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe. Nukta moja ikatokea, na ya pili haikupata nafasi. Kioo kizima kikageuka kijani, mara moja, na herufi kubwa zikasimama katikati:

UMECHELEWA LAKINI UMEFIKA. KAA CHINI TUSOME.
MWALIMU GIKONYO

Wakarima alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Akakishika kioo kwa mikono miwili. "Ni yeye," akasema. "Aliwaandikia wanafunzi wa kuchelewa. Ni yeye huyu. Ni yetu hii." Kisha akageuka polepole kumtazama mtu aliyelishwa ugali katika chumba kile. "Maurice. Wewe? Mikono yake vile ilikuwa, ni wewe?"

Maurice alirusha monita. Ilimpata Lusweti kifuani na usoni, ikapasuka, naye akaanguka juu ya viti, pua inatiririka damu. Kabla Nzilani hajatoa bastola, Maurice alikuwa ameikamata kamba ya ufunguo shingoni mwa Wakarima na kuizungusha kwenye ngumi. Mama wa watu akabaki anakwaruza koo, miguu inapiga sakafu.

"Rudi nyuma! Namnyonga! Wallahi namnyonga!" Shemasi alikuwa anaapa kwa kiapo chochote kilichomjia mdomoni.

Hapakuwa na nafasi ya kupiga risasi. Uso wa Wakarima ulikuwa mbele ya uso wake, unabadilika rangi. Maurice alikuwa anarudi kinyumenyume, anamburura, mgongo wake kwenye kizimba, na mkono wake wa kushoto ulishika nondo ya mlango ili asianguke. Mlango ule Wakarima alikuwa ameufungua asubuhi kupangusa vumbi.

Nzilani aliupiga teke mlango ukafunga juu ya vidole vyake.

Maurice alipiga ukelele. Nzilani aliuvuta, akaupiga tena kwa bega, kwa uzito wake wote, na nondo ikakutana na nondo kukiwa na mkono katikati. Mfupa ulilia. Kamba ikalegea, Wakarima akaanguka anakohoa. Nzilani aliupiga mlango mara nyingine, na hiyo haikuhitajika, na alijua haikuhitajika. Alikuwa na hasira. Alikuwa na hasira ya Gikonyo na ya Oluoch na ya chai iliyofanya utando, na hasira nyingine ya ule mkono aliokuwa ameushika Kianda akasema asante.

"Madam," Lusweti akasema kutoka sakafuni. "Madam, inatosha."

Walimfunga pingu akiwa amekaa chini, vidole vyake vya kushoto vinaelekea kila upande. Alilia kwanza kwa maumivu, kisha akaanza kuongea bila kuulizwa, maana mtu wa aina hiyo akianza hakamatiki.

"Gikonyo alinijua uso. Sikuwa nataka. Wale wawili niliingia nao walikuwa wamesema tutaingia hakuna mtu, nyumba yote iko kanisa. Sasa yeye akaniita jina. Akasema, 'Maurice, ni wewe?' Ningefanya nini?"

"Na Oluoch?"

"Akanipigia simu niende tuongee. Nikaenda nimevaa koti ya mvua. Ameweka chai. Anaongea pole pole, ndugu yangu, rudisha mashine, uende kwa mama ukaombe msamaha, nitakusindikiza. Nitakusindikiza! Halafu akanigeuzia mgongo aendelee kufunga skurubu, kwa sababu yeye alishamaliza kuongea, anangoja niseme sawa." Alimeza mate. "Nilimwambia wacha nifikirie. Nyundo ilikuwa hapo tu."

"Ukabeba mashine kwa mvua."

"Mtu akibeba mashine yake kutoka kwa fundi, nani atamwangalia?"

Koti lilipatikana jioni hiyo kwenye tanki la maji juu ya cyber, limeviringishwa na mawe ndani. Mkuu wa kituo alipigiwa simu, akasema, "Sawa. Leta."

Elvis Wekulo alikuwa wodini, kitanda cha mwisho, kichwa chote bandeji. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Mama yake, Sella, mwanamke mfupi wa Soweto East, humo humo Kibera, aliyeuza samaki, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na alipoona polisi alisimama kati yao na mwanawe.

"Tulia, mama," Nzilani akasema. "Nimekuja kumfungua."

Pingu ikaachia. Sella aliuchukua ule mkono akaanza kuusugua mahali chuma kilipokuwa kimekaa. Daktari alikuwa amesema jicho la kushoto halitarudi.

"Elvis, unanisikia? Umeondolewa kwa kesi. Tumempata. Ni Maurice Ogola."

Elvis aligeuza kichwa polepole kwenye mto.

"Shemasi?"

"Yeye."

"Yule alikuwa kwa sikio yangu?"

"Yule aliyekuwa anakuombea. Ndiyo."

Midomo iliyopasuka ilijaribu kucheka, ikashindwa. "Hakuwa anaomba, madam. Alikuwa ananiambia, sema ni wewe. Sema tu, Elvis, watakuacha. Wakinipiga, anangoja wamalize, anainama tena. Sema ni wewe, uchungu iishe." Alipumua. Mama yake aliacha kusugua. "Na nilikuwa nimechoka. Nikaona heri. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni mimi, watu wote wasikie. Ndio ukapiga risasi."